Mswada wa Mitungi ya Maziwa

Feni ya ukumbi ule huzunguka lakini haimpepei mtu. Nimekaa chini yake miaka mingi kuliko nilivyokusudia, nikiwa karani wa kamati ya bunge la kaunti, na kama kuna anayejua jinsi vikao vya kukusanya maoni ya wananchi vinavyoweza kumchosha binadamu, ni mimi. Tunafungua kwa dua. Mwenyekiti anawashukuru watu kwa kuacha shughuli zao, halafu anasoma kichwa cha mswada kwa sauti ya mtu anayesoma maelezo ya chupa ya dawa. Chai inaletwa. Wajumbe wanatoka nje kupokea simu na wengine hawarudi. Mimi naandika. Nilikuja Garissa kutoka bara nikidhani nitakaa kidogo, niombe uhamisho, nirudi kwetu kwenye baridi. Niliomba. Bado naomba.

Miswada mingi imepita mikononi mwangu na mingi nimeisahau kabla wino haujakauka. Mmoja umekataa kuniachilia, nao ulihusu maziwa. Walioutunga walitaka maziwa yanayouzwa mjini yawe safi, na hilo hakuna mwenye akili timamu angelipinga. Lakini ndani yake mlikuwa na kifungu kilichopiga marufuku kuuza maziwa kwa mtungi wa plastiki. Kila muuzaji awe na chombo cha aluminiamu, basi. Aliyekiandika kifungu hicho, naapa, hajawahi kusimama kando ya barabara asubuhi pikapu zinapoingia kutoka malishoni, mitungi ya manjano imerundikwa na kufungwa kamba, na wanawake wakiipokea, wakionja kila mmoja na kuutenga ulioanza kuchacha. Vyombo vya aluminiamu vilikuwa ghali, na madukani mwetu havikuwapo kabisa. Kifungu kikipita kama kilivyokuwa, wanawake wale wangepoteza kazi yao siku hiyo hiyo.

Mmoja wao alikuwa jirani yangu pale mtaa wa Waberi. Mimi nilimwita mama, kwa umri wake, na yeye aliniita walaal, ndugu, ingawa kanisani kwangu na msikitini kwake hatukuwahi kukutana. Maziwa yangu ya chai yalitoka kwake. Mitungi yake aliifukiza kwa moshi wa kuni kabla ya kuipeleka malishoni ili maziwa yasiharibike njiani, na miezi ya kwanza ladha ya moshi ilinishinda kabisa. Baadaye chai isiyo na moshi nikaanza kuiona kama maji ya kuoshea vikombe.

Nilipomwambia kwamba kutakuwa na kikao, aliuliza tu ni saa ngapi. Jioni zilizofuata, baada ya sala ya alasiri, wauza maziwa walikusanyika uani kwake, nami niliwasikia kupitia ukuta nikianua nguo. Kisomali changu ni cha sokoni, sikupata mengi, ila kelele nilizipata. Walibishana, wakanuniana, wakacheka, kesho yake wakarudi tena. Siku moja wakanyamaza. Hapo nikajua wamekubaliana. Kwao neno hupikwa mpaka liive, kisha mmoja hutumwa kulisema, na akishalisema, wote wamesema.

Siku ya kikao walijaa upande mzima wa ukumbi. Jirani yangu alisimama peke yake. Alichagua Kiswahili, akanitazama mimi na wala si mwenyekiti, kwa sababu mwenye kalamu nilikuwa mimi.

"Sisi hakatai sheria," alisema. "Sisi nataka wakati. Hii fyombo mnataka, duka hakuna. Ngojeni masika mbili. Ikifika duka, sisi nanunua bole bole. Mkikataza leo, watoto yetu nakula nini kesho? Hiyo ndio maneno yetu."

Akaketi. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwanamke mwingine mwenye maoni. Walimtazama kwa mshangao, kama mtu anayeomba kuandaliwa tena sahani aliyoimaliza sasa hivi.

"Amesema," akajibu mmoja wao, na wengine wakaitikia kwa kichwa.

Ndipo wakaja wenye maduka yenye majokofu na wasambazaji wa maziwa ya pakiti. Hao hawakutumana. Kila mmoja alisimama, akataja jina lake na biashara yake, akaisifu kamati, akasema anaunga mkono mswada kikamilifu. Niliandika mmoja baada ya mwingine mpaka kidole kikaniuma.

Mwenyekiti wetu hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu ingekuwa rahisi zaidi angekuwa mbaya. Tulipokaa kuandaa ripoti aliona nimeandika kwamba muuza maziwa aliyesimama alizungumza kwa niaba ya wenzake wote waliokuwa ukumbini. Akavua miwani.

"Mimi ni mtoto wa hapa," aliniambia. "Mama yangu aliuza maziwa. Najua yule mama alisema kwa ajili ya wote, na wewe unajua. Lakini ripoti itasomwa na watu hawajui mambo yetu. Wao wanataka kujua nani aliposimama alisema nini. Hao wengine hawakusimama."

"Walikuwepo," nikasema.

"Kuwepo sio maoni. Weka: aliyepinga, mmoja."

Nikaweka mmoja. Hasira ilinikaba siku nzima, na jioni ikageuka uchovu kama kawaida yake.

Wanasheria wa bunge ndio waliotuokoa, au ndivyo nilivyodhani. Waligundua kwamba tangazo la kikao lilitolewa kwa muda mfupi kuliko sheria inavyotaka, hivyo maoni yote yakusanywe upya. Nilimweleza jirani yangu nilipokwenda kuchukua maziwa, na aliponiuliza ripoti ya kwanza ilisemaje, nilimwambia ukweli. Sikuona la kumficha.

"Mmoja?" aliuliza.

"Wanahesabu waliosimama, mama."

Alinipimia maziwa yangu polepole, akafuta mdomo wa mtungi kwa kitambaa. "Sawa," alisema. "Basi sisi nasimama."

Walisimama kweli. Walipanga foleni kutoka kipaza sauti hadi mlangoni. Wa kwanza akasema hawakatai sheria, wanataka wakati, masika mbili. Wa pili akasema hayo hayo. Wa tatu vilevile. Nikiri nilifurahi, nilikuwa naandika sentensi ile ile na kila nikiifikia nukta naona inazidi kuwa nzito. Wajumbe walianza kujikuna. Mwenyekiti akaomba wanaokubaliana na waliotangulia wanyooshe tu mikono, na bibi mmoja mzee akamjibu, "Mkono haina sauti, mtoto wangu. Siku ile ulitaka sauti." Ukumbi ukacheka, hata yeye.

Tukaenda kuswali adhuhuri, yaani wao wakaenda, mimi nikala maandazi yangu kivulini. Tuliporudi joto lilikuwa limeiva. Sijui ni lile joto, au ni kule kusimama muda mrefu mbele ya kipaza sauti kinachomtaka kila mtu ataje jina lake mwenyewe. Mwanamke mmoja, alipomaliza sentensi yao, hakuketi. Akaongeza kwamba yeye binafsi ana kaka Nairobi anayeweza kumletea chombo, kwa hiyo masika mbili ni za wale wasio na kaka. Aliyefuata akasema kama ni hivyo, wenye vyombo waruhusiwe kuanza, kwani kwa nini wangojee wengine? Mwingine akasema tatizo halisi si mitungi, ni wale wanaochanganya maziwa na maji, na wanajulikana. Akageuka akawatazama. Sauti zikapanda. Yale waliyoyabishania uani jioni zile zote, wakayamaliza na kuyazika, sasa yalikuwa yanafukuliwa mbele ya kamati, na mimi nilikuwa nayaandika.

Nikamwona mwenyekiti akiinua kalamu yake kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Kwa hiyo mnatofautiana," alisema, kwa upole kabisa.

Jirani yangu alikuwa amekaa nyuma. Kila mmoja alipoongea alikuwa ameinamisha kichwa, akisokota ncha ya shela yake. Foleni ilipokwisha, mwenyekiti alimtambua akamwita mbele. Alitembea bila haraka. Wenzake wakamgeukia, na nadhani walitumaini atalikusanya lile neno na kulirudisha pamoja, kama alivyolileta siku ya kwanza. Mimi pia nilitumaini. Niliishika kalamu tayari.

Hakumtazama mwenyekiti wala wenzake.

"Walaal," aliniambia, "siku ile uliandika mmoja, na sisi ilikuwa wote. Leo ni mimi tu, andika mmoja."

Akarudi kukaa. Nikaandika mmoja.

Ripoti ya pili ilikuwa rahisi kuliko zote nilizowahi kuandaa. Waliopinga: wengi. Maoni yao: yamegawanyika. Kwa kuwa yamegawanyika, kifungu kibaki kama kilivyo. Haikuwa uongo hata neno moja. Mswada ukapita mchana mmoja wenye vumbi, wajumbe wakiangalia saa.

Kando ya barabara wamebaki wachache wenye vyombo vya aluminiamu, wa kwanza akiwa yule mwenye kaka Nairobi. Uani kwa jirani yangu hawakusanyiki tena. Mitungi ya manjano ameigeuza kuwa ya maji. Tunasalimiana vizuri kila asubuhi, ananiuliza habari za kwetu, na kuhusu kikao hajanitajia hata mara moja. Nimeandika barua nyingine ya kuomba uhamisho. Chai yangu naipika kwa maziwa ya pakiti yanayoletwa kutoka bara, na kila nikionja naongeza sukari.