Mke Huona Taa, Mume Huzisikia

Ukungu wa asubuhi bado haujainuka uani. Gari dogo la kijivu limesimama katikati ya gereji, na nyuma yake mwanamke mwenye ovaroli la buluu amepiga magoti, sikio karibu na bati, utadhani anasikiliza kifua cha mtoto mwenye homa.

“Washa kushoto!” anaita.

Mkunga aliyekaa kwenye usukani anawasha indiketa. Mwanga wa rangi ya chungwa unaanza kuhema ndani ya ukungu, unakuja na kupotea, unakuja na kupotea. Ukuta wa gereji nao unapata rangi, unaipoteza, unaipata tena.

Pembeni, juu ya kiti kilichong’olewa kwenye basi bovu, amekaa mzee mwembamba aliyeinamisha kichwa. Halitazami gari. Anausikiliza mlio mdogo unaotoka chini ya dashibodi: tik, tik, tik.

“Huo upande mzima,” anasema. “Haya, kulia.”

Safari hii mlio unakimbia kama mtu aliyechelewa kazini. Mzee anatabasamu.

“Kulia kuna balbu imekufa. Ya mbele au ya nyuma, hilo ni lako, mke wangu.”

Mkewe anazunguka gari, anainama. “Ya mbele,” anasema, na mkono tayari umo mfukoni kutafuta nyingine.

Hapa gereji mwanamke huyu anaitwa Mama Nyaya. Mumewe wanamwita Sikio, jina analolipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kazi yao ni moja tu: taa za nje za magari. Injini hawaigusi. Injini ndiyo yenye malipo manono, na wao wanalijua hilo, ila hawaonekani kulisikitikia.

“Mtu injini ikimfia, atasimama,” anasema Mama Nyaya. “Taa zikimfia, anaendelea kwenda. Hapo ndipo pa kuogopa.”

Mkunga anatikisa kichwa kukubali. Balbu iliyoungua hakuwa hata na habari nayo. Kilichomleta ni taa zake za nyuma, ambazo huzimika zote kwa mpigo, zikajikalia kimya bila yeye kujua. Mafundi wengine humbadilishia fyuzi, zikawaka, akashukuru, kisha baada ya muda zinakufa tena.

“Juzi alfajiri nilikuwa nampeleka mzazi hospitali, uchungu umemshika,” anasimulia. “Lori likatujia nyuma kwa kasi. Dereva alifunga breki mpaka likakaa upande. Akashuka, akaniambia, ‘Mama, nilidhani barabara ni tupu.’ Yule mzazi akanishika mkono, hakuuachia mpaka tumefika.”

Sikio anainua kichwa.

“Dada yangu, hebu nikuulize. Zinazimika ukienda kwa wazazi, au ukirudi?”

Mkunga anafikiri. “Ukisema hivyo… nikienda. Kurudi sikumbuki.”

“Ukienda unabeba nini ambacho ukirudi huna?”

“Mkoba wangu narudi nao. Labda godoro. Nina godoro la kukunja, humwachia mzazi mpaka apate nguvu.”

“Limo humo ndani sasa hivi?”

“Nimeliacha nyumbani.”

“Basi,” anasema Sikio, akijiegemeza kitini kama mtu aliyeshiba. “Mke wangu, tafuta sponji.”

Mama Nyaya anaokota sponji kubwa la kiti cha gari, analikunja, analishindilia kwenye buti na kukisukuma kifuniko mpaka kinafunga. Mkunga anawasha taa. Nyuma ya gari ukungu unageuka mwekundu, laini, kama pazia lililowashiwa taa kwa ndani. Mama Nyaya anabonyeza kifuniko kidogo kwa kiganja. Wekundu wote unatoweka.

“Zimekufa,” anasema kwa sauti ya chini.

“Afadhali,” anajibu mumewe. “Sasa tumejua zinakofia.”

Mama Nyaya anafungua buti na kuupitisha mkono kwenye nyaya taratibu, bila kutazama, mpaka vidole vinasimama kwenye bawaba. Hapo, chini ya mkono wa chuma, waya mmoja umechunika ngozi na shaba yake inang’aa. Kila godoro lilipobanwa humo, liliusukuma waya huo ukagusa bodi, ikapiga shoti, fyuzi ikaungua, na taa za nyuma zikaenda nayo.

Anakata palipoharibika, anaunga kipande kipya, analehemu na kuviringisha tepu. Kisha anaufunga mkungu mzima wa nyaya mbali na bawaba, na kuweka fyuzi mpya. Vidole vyake haviparamii kazi. Vinapita juu na chini, juu na chini, na anayetazama kwa makini ataona kwamba anashona.

Ndiyo, alikuwa mshonaji. Kwa miaka mingi cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya nyumba yao, na mumewe ndiye aliyekuwa akija gereji. Kisha presha ya macho ikamwingia mumewe. Ilianza pembeni, ikamla polepole, mpaka siku moja akamwuliza mkewe kwa nini hajawasha taa, na taa ilikuwa inawaka.

“Aligeukia ukuta,” Mama Nyaya anakumbuka. “Chakula nampelekea, anakula. Maneno hana. Mimi nashona, nalia juu ya nguo za watu.”

Asubuhi moja mteja wa zamani akaja nyumbani, hana habari. Taa zake za breki haziwaki. Sikio alimjibu kutoka chumbani kwamba kazi ile imekwisha. Mteja alikuwa ameshawasha gari aondoke, Mama Nyaya akainuka kwenye cherehani na kumwambia asubiri. Akaingia ndani, akatoa testa uvunguni mwa kitanda.

“Nikamwambia, ‘Niambie nishike wapi.’ Akanifokea. Na mimi nikamfokea. Mteja masikini kasimama anatuangalia.”

Waliendelea hivyo hadi jua likaanza kuegemea magharibi, yeye akishika, mumewe akielekeza kwa maneno kutoka mlangoni. Swichi ya breki ilikuwa imechoka. Walipoiunganisha nyingine na mteja akakanyaga breki, Mama Nyaya alipiga kelele majirani wakatoka.

“Akaniuliza, ‘Zinawaka rangi gani?’ Nikasema, ‘Si unajua, nyekundu.’ Akasema, ‘Nyekundu ya namna gani?’ Nikatafuta neno. Nikamwambia, ‘Kama makaa ukiyapuliza.’ Akakaa chini pale pale kizingitini, akalia. Kesho yake alitangulia kuamka.”

Tangu hapo wanakuja pamoja, mume amemshika mkewe bega. Sikio anasema gizani mwake si kama watu wanavyodhani.

“Ndotoni naona vizuri tu,” anasema. “Naona barabara ndefu, magari yamejaa, yote yamewasha indiketa, na hakuna hata moja linalokata kona. Yanapepesa tu. Nikiamka nakuwa nimepumzika sana.”

Mkunga ameshaondoka. Ukungu umekwisha, na Mama Nyaya anatupeleka nyuma ya gereji kutuonyesha gari lao: la zamani, la buluu, halina injini. Taa zake zote zinafanya kazi. “Linaona, ila halitembei,” anasema, na wote wawili wanacheka kama watoto.

Injini wameahidiwa na fundi jirani, atawafungia kidogo kidogo akipata nafasi. Likipona, watakwenda nalo ng’ambo ya vilima kwa dada mkubwa wa Sikio, ambaye hawajaonana naye tangu macho yalipoondoka. Dada alipiga simu akauliza ataletwa na nani. Sikio alimjibu kwamba ana dereva wake.

Dereva mwenyewe bado anajifunza. Jioni, dereva mmoja wa teksi humzungusha kwenye kiwanja kilicho karibu.

“Kwenda naweza,” Mama Nyaya anakiri, akifuta vumbi kwenye kioo kwa mkono wa ovaroli. “Kurudi nyuma ndiko kunanishinda.”

Mumewe amekwishapapasa mlango, ameufungua na kukaa kiti cha abiria, uso ameuelekeza mbele.

“Basi tutakwenda mbele tu,” anasema, “mpaka tuone pa kugeuzia.”