Esteri na Kidole cha Pasikali

Ukitaka kusalimiana na Esteri Ininahazwe, hakikisha huna haraka. Anapiga viganja taratibu, kama Waha wanavyosalimiana, anauliza habari za watoto, za mihogo, za mvua, na kila jibu analisubiri. Nilipohamishiwa Kasulu kutoka Tanga, nikiwa muuguzi mwenye makeke mengi, nilikuwa namkwepa koridoni.

Esteri ni mhudumu wa wodi yetu. Anadeki, anaosha wagonjwa, anawageuza wasipate vidonda. Shule aliishia darasa la nne.

Pasikali alianguka na bodaboda kwenye njia ya kwenda kijiji cha Kitanga. Wiki ya saba wodini kwetu, macho yalikuwa wazi lakini hasemi, hageuki. Daktari Japhet alimshika mkono akamwambia, "Finya." Akangoja kidogo, akauachia. Akamwambia Veronica, mke wa mgonjwa, amchukue Ijumaa akafie nyumbani, kwani hajitambui tena.

"Daktari, huyo ananiitikia," Esteri akasema. "Anachelewa tu."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka Veronica akiwa analia.

Esteri akatoa daftari la shule mfukoni. Kila asubuhi alimwambia Pasikali "Bwakeye", salamu ya asubuhi ya Kiha, akapiga viganja, akatulia. Kidole gumba cha kushoto kikiinuka, aliandika. Kisha alikaa muda uleule bila kumsalimia, akaandika pia. Siku kumi na mbili: kwa salamu, kiliinuka mara tisa. Kwa kimya, mara moja.

"Hiyo moja siielewi," alisema. "Lakini ilitokea."

Daktari alilisoma daftari lile mara mbili, akavuta kiti.

"Bwakeye, Pasikali. Inua kidole gumba."

Kidole hakikusogea. Akataka kurudia.

"Mngoje, Daktari," Esteri akasema.

Nilishaanza kuona aibu kwa niaba ya Esteri. Ndipo kidole kikainuka. Daktari akaagiza tena, mara nne, na mara tatu kikainuka. Akayapiga mstari maneno yake ya "hajitambui" kwenye faili, akamgeukia Esteri. "Niandikeje?"

"Andika anasikia, ila anachelewa."

Yakaandikwa hivyohivyo, na jina la Esteri chini. Nilijivunia kufanya kazi na mwanamke yule kuliko nilivyowahi kujivunia cheti changu.

Safari ya Ijumaa ikafutwa. Veronica akapiga magoti kando ya kitanda, akapiga viganja, akaanza kumpa mumewe habari za wiki saba: watoto, mihogo, mvua. Kila habari aliingojea jibu. Nami nilikuwa na dawa za kugawa, lakini nilisimama pale mpaka akamaliza.