Wanja Shingoni mwa Wale Watoto

Picha yenyewe haikuwa kubwa, kama sinia la kahawa hivi. Msichana na mvulana wa shamba, Ulaya ya zamani huko, na mwanakondoo kavishwa utepe. Imepigwa chapa kwa mistari midogo midogo kama mishono ya sindano. Mjukuu wangu aliyesoma ananambia matajiri wa zama hizo wakipenda kutundika watoto wa wakulima, lakini wawe wanene, wasiwe na njaa. Mimi sijasoma, ila miguu yao nliiona: pekupeku, na tope hakuna hata chembe.

Mama alipewa na bibi mmoja wa Kizungu ambaye mama alikuwa akimshonea nguo Unguja. Tulipokimbia mapinduzi mwaka wa sitini na nne, dhahabu aliisahau, picha akaifunga ndani ya kanga. Usiniulize kwa nini. Tukafikia Maskati kwa shangazi yangu, chumba kimoja, joto la kukaanga. Watoto wa mtaa ule macho mekundu, yanatoka machozi mchana kutwa. Na sisi haukupita muda tukawa hivyo hivyo.

Shangazi hakuitaka ile picha. "Wifi, malaika hawaingii nyumba yenye sanamu. Na wachungaji gani hawa, mashavu kama maandazi? Hawa wanachungwa!"

"Niachie, wifi. Ndicho nlichotoka nacho."

"Mpaka Ijumaa. Ikiwapo, ntaitia moto jikoni."

Mama akalia. Njia nzima hakulia, akalilia hiyo.

Sasa, chuoni Unguja, tulikosomea Kurani, mwalimu alitufundisha: sanamu ukiipiga mstari shingoni haina roho tena, unakaa nayo bila ya dhambi. Vitabu vyetu vyote vilikuwa hivyo, hata ng'ombe. Alkhamisi mama alipokwenda kisimani, nliitoa picha kwenye kioo, nikachukua wanja wake, nikawapiga mstari mmoja mmoja, na mwanakondoo pia. Nikaitundika, nikakaa kungoja kusifiwa.

Shangazi alitangulia kuiona. "Enhe! Sasa haina neno. Iache, wifi."

Mama aliweka ndoo chini, akaangalia. Nimekuja kujua mtu mzima kwamba mwezi ule wa balaa aliwakuta watoto wa jirani yetu uani, shingo zao hivyo.

Akaitoa ukutani mwenyewe, akaitia jikoni, akakaa mbele ya moto mpaka fremu ikaisha. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alinikamata mkono tu, akanifuta wanja kidoleni kwa ncha ya kanga ile ile, akasugua, akasugua, na wanja umeshatoka zamani.