Nakala za Ijumaa

Juma hili ofisi yetu ya Mchafukoge ilihamia seva mpya. Ile ya zamani, yenye programu tulizoandika kwa miaka sita, ilishapata mnunuzi, naye alikuwa anasubiri mlangoni.

"Ifute, dada," bosi alisema. "Nakala za akiba za programu zipo, zinajitengeneza kila Ijumaa mchana."

"Nifungue moja kwanza, bosi."

Akaguna. Nikafungua: imeishia katikati. Nyingine, vilevile.

Mzee anayetunza ofisi akaegemeza ufagio. "Ijumaa nikienda kuswali nazima swichi zote, mwanangu. Moto ukitokea je?"

Bosi akakaa. Nikaanza kunakili upya, nimeweka kiti mbele ya swichi, sikuinuka mpaka faili la mwisho lilipofunguka.

Msomaji, hati yako ya kiwanja iliyo kabatini, mara ya mwisho uliifungua lini ukaikagua?