Suruali iliyompa mume wangu ugonjwa

Leo mume wangu karudishwa nyumbani kutoka kazini kwa sababu ya suruali. Wallahi.

Nilimshonea mwenyewe jana. Kitambaa kilikuwa haba, basi mguu mmoja nikaukata kwa kufuata uzi wa kitambaa, wa pili nikaukata mshazari. Nani ataona?

Alipofika ofisini, ule wa mshazari ulikuwa umejipinda. Mshono wa pembeni umekuja mbele ya goti, naye anatembea kama anayeburura mguu.

Mkubwa wake akaingiwa na hofu. "Bwana Athmani, isije ikawa ni kiharusi!"

Yeye akaona haya kusema mkewe ndiye fundi. Wakampa siku mbili za kupumzika, wakampandisha tuktuk.

Majirani wakajaa sebuleni kumpa pole. Wengine na uji!

Akaja Bi Zuhura, fundi cherehani wa hapa mtaani. Akauvuta ule mguu wa suruali, akaniangalia mimi.

"Mwanangu, huyu si mgonjwa. Umekata bila kufuata uzi."

Yarabi, aibu! Nikataka kuifumua papo hapo.

Mume wangu akaishika kwa mikono miwili, akaninong'oneza: "Ngoja kwanza siku mbili ziishe."

Nyinyi mwasemaje, niifumue?