Mwanamke wa Kwenye Filamu

Fundi wa makochi alikosea tangu mwanzo: alidhani mwongozaji wa filamu alimchagua kwa ajili ya mdomo wake. Dhana hiyo ilimpendeza, na kusema kweli mdomo alikuwa nao. Hata akiwa amebana misumari midogo menoni, aliweza kumtania mteja, kuvuta kitambaa kikaze, na kumjibu mama mkwe aliyekuwa chumba cha nyuma, asimeze hata mmoja.

Dhehebu lao ni dogo. Majirani huwaita Watu wa Mabenchi, kwa kuwa husali wakiwa wameketi duara juu ya mabenchi yasiyo na pa kuegemea. Mhubiri hawana. Mwanamume mmoja hufungua ibada, kisha yeyote husimama akasema, ila sharti aanze na "kwa upande wangu", maana kwao kumsemea mwenzako ni kumnyang'anya ulimi. Fundi hujicheka mwenyewe: kutwa huwatengenezea watu makochi ya kuzama, kisha huenda kumwomba Mungu juu ya ubao mtupu.

Mwongozaji, dada mpole ambaye miwani haikumtulia puani, alitaka filamu ionyeshe waumini wa kila aina: mzee, msomi, kijana, mwanamke.

"Wewe ndiye mwanamke wetu," alimwambia fundi kwa bashasha.

"Mwanamke yupi, dada? Mimi na mama mkwe sote ni wanawake, na tangu niolewe tumekubaliana jambo moja tu: kwamba mume wangu anakoroma."

Mpiga picha alicheka hadi kamera ikatikisika. Fundi naye akamwaga maneno mchana kutwa.

Kabla filamu haijatoka, mwongozaji alikuja kuwaonyesha kazi yake. Walikusanyika katika karakana ya fundi, wengine wakijibanza kwenye makochi ambayo springi zake zilikuwa bado wazi. Fundi akajiona ukutani, mkubwa kama mlango, akisema: "Wanawake wa hapa tumeridhika. Hatutaki kubadilisha kitu."

Basi. "Kwa upande wangu" haikusikika, wala yale aliyoongeza, kwamba mama mkwe ana yake tofauti. Mwongozaji aliyakata yote, akiona yanajirudia na kuchosha sikio.

Watu wakamgeukia. Fundi alitamani kochi limmeze. Mbele ya waumini wenzake alikuwa amewasemea wanawake wote. Nani angeketi naye tena benchi moja? Zaidi ya wote alimwogopa mama mkwe, ambaye sasa alikuwa akiinuka, mkono kiunoni.

"Huyo si mkamwana wangu."

"Ni yeye, mama," mwongozaji akasema, amechanganyikiwa.

"Sura ni yake. Lakini mkamwana wangu hamalizi sentensi bila kunitaja, japo kwa kunisengenya! Kwa upande wangu, sijaridhika. Nataka wanawake nasi tufungue ibada, naye anajua, tumebishana hadi chai ikapoa. Mrudishie maneno yake, mwanangu."

Karakana nzima ikaangua kicheko, na fundi akacheka huku akifuta machozi. Mwongozaji alivua miwani. "Nisameheni. Nilidhani napunguza urefu tu."

Kesho yake aliwarekodi wote wawili kwenye kochi moja jekundu.

"Sogea, umenikalia."

"Kochi nimelishona mwenyewe, mama."

"Ndiyo maana linabonyea."

Walibishana juu ya ibada, wakabishana juu ya kochi, na filamu ilipotoka hicho ndicho kipande ambacho watazamaji walikirudiarudia.

Miezi kadhaa baadaye mwongozaji alileta kiti chake kishonwe upya, na katika mazungumzo fundi akapata habari iliyomfanya adondoshe nyundo. Aliyeombwa kwanza alikuwa mama mkwe. Alikataa, akajibu: "Kwa upande wangu, mchukueni mkamwana wangu. Mimi mkinisikiliza peke yangu, mtadhani sote tunawaza kama mimi."