Mkono wa Steringi Uliotibua Posa

Mchina mmoja mwembamba, peku, aliwahi kuwachapa watu kumi hapa Bukene, na posa ya babu yangu ikaingia nyongo kwa sababu ya mkono aliopigia.

Usicheke. Kaa hapo nikusimulie.

Zama za Mwingereza hizo, miaka ya hamsini. Babu Kasimiri wakati huo hajawa babu wa mtu. Ni kijana wa kinu cha pamba, suruali moja, maneno magunia na magunia.

Ila kazi yake ya kweli, ukimuuliza yeye, ilikuwa picha. Akipata mapumziko tu, treni mpaka Tabora, anaangalia picha ya ngumi au ya mapanga, kisha anarudi kuichambua. Ngumi ipi imeingia, ipi imepita hewani na mtu kajiangusha mwenyewe. Watu walikuwa wanaacha bao wanamsikiliza.

"Yule adui kaanguka kabla hajaguswa," atasema. "Huyo kalipwa kuanguka. Picha mbovu hiyo."

Wakamwamini. Mpaka siku gari la sinema lilipokuja Bukene lenyewe.

Watu wake wakafunga shuka jeupe katikati ya miti miwili nyuma ya kinu. Giza lilipoingia tu, mashine ikaanza kunguruma. Picha ya Kichina! Hata Mhindi mwenye gari hakujua wanasema nini. Lakini teke halihitaji mkalimani.

Kesho yake Mzee Bundala akamwita Kasimiri.

Bundala ndiye baba yake Nyamizi, na Nyamizi ndiye aliyekuwa anamnyima Kasimiri usingizi. Posa imeshapelekwa, jibu bado. Mzee hakuiona ile picha. Ng'ombe wake alikuwa anazaa.

"Haya, nichambulie. Alipiganaje?"

Kasimiri akakunja suruali, akajipanga. "Baba, yule steringi, shujaa wa picha, ni mashoto! Ngumi kushoto, upanga kushoto, teke kushoto. Mkono wa kulia kaufanya wa kufukuzia nzi."

Mzee akautazama mkono wake wa kushoto.

Maana yeye mwenyewe ni mashoto. Tangu utotoni kachapwa kwa kula na mkono ule. Mpaka uzeeni, akisahau akakupa kitu kwa kushoto, unasubiri ahamishe mkono ndipo upokee. Leo anaambiwa kuna mwanaume kawalaza watu kumi kwa mkono huohuo.

"Rudia," akasema.

Kasimiri akarudia, na vumbi likatimka. Mzee akacheka mpaka akashika mbavu. Jibu la posa likaanza kunukia.

Ndipo akaja Lugembe.

Lugembe, mpima pamba pale mizani, naye alikuwa na macho yake kwa Nyamizi.

"Mzee, umepigwa kamba," akasema. "Mimi nilikaa mbele kabisa. Yule mtu anapiga kulia, na wote waliokuwepo watakwambia. Halafu huyu Kasimiri nani alimwona pale?"

Wakaulizana. Hakuna aliyemwona. Mama Veneranda, mke wa Bundala, alikuwa amekaa katikati ya watu. Naye akatikisa kichwa. "Mimi sikumwona."

Uso wa mzee ukabadilika.

"Kumbe! Umeona Bundala ni mashoto, ukamtungia steringi wa kushoto. Unaninunua kwa hadithi, kijana?"

"Nilikuwepo, baba."

"Ulikaa wapi?"

Kasimiri akainama, akaanza kukunjua suruali.

Jibu alikuwa nalo. Ila kijana ambaye posa yake haijajibiwa hana ruhusa ya kulitamka.

"Gari linarudi Jumamosi likitoka Mwanza," mzee akamaliza. "Nitakaa mbele, niuone huo mkono. Ukiwa wa kulia, usikanyage tena kwangu."

Kisimani Nyamizi alimweka kati.

"Ulikuwepo au hukuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Basi sema ulikaa wapi!"

"Siwezi."

"Haya. Nitaolewa na Lugembe, anayepunja hata pamba ya shangazi yake. Raha yako."

Siku zile Kasimiri alianza kuyashuku macho yake mwenyewe. Alikuwa akijificha nyuma ya magunia anarusha ngumi, kushoto, kulia, anajaribu kukumbuka. Kila akikumbuka, kushoto.

Jumamosi ikafika. Bundala akatua kigoda chake mbele ya watu wote. Lugembe akakaa pembeni yake na karanga mfukoni, ametulia kama mkwe aliyekwishapokelewa.

Mashine ikanguruma.

Mara watu wakaanza kupisha. Bibi Josepha huyo, kaja kutembea kutoka Ziba, Nyamizi kamshika mkono.

"Nipisheni nikae mbele, macho yangu hayafiki mbali!"

Bundala aliruka kama kakalia siafu.

Bibi Josepha ni mama yake Veneranda. Na kwetu mwanaume hakai mahali pamoja na mama wa mke wake. Mkikutana njiani, wewe ndiye unayeingia porini mpaka apite. Mzee akakwapua kigoda, uso kaugeuza pembeni, akazunguka mpaka nyuma ya shuka.

Kule nyuma kulikuwa na mtu kakaa juu ya gunia tupu.

"Shikamoo, baba."

"Maraha... Kasimiri? Unafanya nini huku?"

"Naangalia picha."

"Kwa nini huku?"

Kijana akajibu taratibu: "Mama yuko mbele."

Mzee alitaka kuuliza mama yupi. Hakuuliza. Veneranda alikuwa mbele leo, na siku ile pia alikuwa mbele.

Steringi akatokea juu ya shuka. Akapiga.

Kushoto.

Teke. Kushoto. Bundala akakishika kigoda kwa nguvu. Upande wa pili Lugembe anapiga kelele: "Kulia hiyo! Mzee, uko wapi? Kulia!"

"Mwongo mkubwa yule," mzee akanguruma. Akachungulia ukingoni mwa shuka.

Kulia.

Akarudisha kichwa. Kushoto. Akachungulia tena. Kulia.

"Shuka linageuza," akasema, kama anajiambia mwenyewe.

Na nani angejua? Yale maandishi ya Kichina yakigeuka, Bukene nzima nani atashtuka?

"Sasa mbona hukusema ulikaa huku?"

"Ningesema namkimbia nani, baba? Posa hujaijibu. Nimwite mama mkwe kwa ruhusa ya nani?"

Bundala akatazama mpaka maadui watano wakaanguka.

"Kumbe ulishakuwa mkwe wangu," akasema. "Mimi ndiye niliyechelewa kujua."

Kasimiri akakosa pa kuweka mikono.

"Sasa sogea huko. Usinibane, mtu na mkwewe hawabanani hivi."

Asubuhi Lugembe akaja kudai ushindi wake.

"Mimi nimeona kushoto," Bundala akamjibu.

"Mzee, watu wote mbele wameona..."

"Ndiyo. Wewe si ulikaa mbele?"

Bibi Nyamizi alikuwa anatuambia kwamba hata baada ya Bibi Josepha kufariki, gari la sinema likija, baba yake alibeba kigoda chake akaenda nyuma ya shuka.

"Baba, mbele hakuna mkwe siku hizi," Nyamizi anamwambia.

"Najua," anasema mzee, na kuendelea kutembea.

Basi, ndugu yangu, kabla hujamwita mwenzio mwongo, muulize kwanza alikaa upande gani. Na akishindwa kukujibu, usikimbilie kumhukumu: huenda amenyamaza kwa ajili ya heshima ya mtu wako mwenyewe.